Siku Benchi Halikukimbia

Goti la Yeferson Polanco lilipovunjika, mlio wake ulifika mpaka kwa wauza soseji. Mama mmoja aliyekaa upande wa kivuli alidhani ubao wa kiti chake umekatika, akainuka kuutazama. Kumbe ni goti la mtu. Brandt Hovland, lile jitu la Mbwamwitu wa Lockridge, alikuwa anakimbilia kituo cha pili ambako Polanco alisimama akilinda, na badala ya kuteleza chini kama wanavyoteleza watu wenye adabu, alinyanyua miguu yote miwili yenye viatu vya njumu akamkita nayo. Polanco akaenda chini, mguu umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Hovland akasimama, akajikung'uta vumbi, akatema mate karibu na kichwa cha aliyeanguka, akarudi kwao anacheka.

Siku ileile angelipwa, ila mvua ilimwagika, uwanja ukawa ziwa, mchezo ukavunjwa. Wahunzi wa Tarrant Falls, timu ya Polanco, wakaenda majumbani kwao na kisasi kimewakaa kooni.

Maana besiboli ina sheria zilizoandikwa, na ina nyingine ambazo hakuna aliyeziandika, na hizo ndizo zinazouma. Ukimwumiza mtu wetu, mrushaji wetu atakuchoma na mpira. Hakuambii. Utasimama na gongo lako unangoja mpira uupige, nao utakuja, mgumu kama jiwe la mtoni, ukuingie mbavuni. Mbavuni, mgongoni au pajani. Kichwani hapana, arushaye kichwani ni muuaji na hata wenzake hawali naye. Ukishachomwa, kama una damu ya moto, unatupa gongo na kumkimbilia mrushaji palepale kwenye kichuguu chake katikati ya uwanja. Hapo mabenchi yote mawili yanamwagika. Wanatoka mbio wote, mzima na anayechechemea, kuja kumkinga mrushaji wao. Asiyetoka, au atokaye anatembea, ni heri ahame mji.

Delmar Stroud alizijua sheria hizo kuliko sala alizofundishwa na mama yake. Alikuwa mrushaji wa Wahunzi tangu nywele zake hazijaanza kumtoka. Enzi zake akipanda kichuguu watu wanaacha kutafuna karanga. Walimwita Nyundo. Walisema anaweza kuupitisha mpira katika pete ya mkeo na kidole kisishtuke. Sasa alikuwa na miaka arobaini na moja, bega la kulia ni kama limejazwa kokoto, na asubuhi mkewe Verna ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Mwezi ule alikuwa anapigwa kila akirusha. Watu waliomwita Nyundo wakaanza kumwita Babu. Kuna mmoja alimpigia kelele kutoka jukwaani kwamba mpira wake unachelewa njiani hadi mpigaji anapata nafasi ya kupiga simu nyumbani.

Yeye alitaka kitu kimoja tu, amalize msimu. Siku ya mwisho, mwezi wa Septemba, hapo hapo uwanja wa nyumbani, apande kichuguu, arushe kadiri mkono utakavyomruhusu, kisha ashuke mwenyewe kwa miguu yake watu wakiwa wamesimama. Baba yake alikuwa amefukuzwa kiwanda cha chuma cha mji ule katikati ya zamu, mkate wake wa mchana haujaguswa, na Delmar alikuwepo mlangoni alipoingia nao umefungwa vilevile. Ile sura hakuisahau. Alimwambia Verna mara nyingi kwamba yeye hatarudi nyumbani na sura ile.

Ikafika Jumapili ambayo Mbwamwitu walikuja Tarrant Falls. Kabla ya saa sita mchana, mzee Wendell, mtunza chumba cha kubadilishia nguo, alimsogelea Delmar akamgusa bega lile zima. Akasema kocha anamwita. Alisema akiwa anatazama sakafu. Kwa wachezaji, kutemwa ni kama ugonjwa wa kuambukiza. Mtu akiitwa kwa kocha asubuhi, wenzake wanageukia makabati yao na kuanza kutafuta soksi ambazo hazijapotea.

Kocha Wiley Teague alikuwa mtu mwembamba, sauti yake laini kuliko macho yake. Alikuwa anakula mbegu za alizeti na kutema maganda katika kikombe cha karatasi.

"Funga mlango, Delmar."

Hayo ndiyo maneno yenyewe, hakuna mchezaji asiyeyajua. Delmar akaufunga.

Teague alianzia mbali. Akauliza habari za Verna, akauliza habari za bega. Kisha akasema wakubwa wamepata kijana kutoka timu ya chini, mkono wake bunduki, na nafasi iliyopo ni moja. Delmar alisikia damu inampanda masikioni. Ngumi ikajikunja yenyewe pajani. Akapima kidevu cha kocha kutoka pale alipokaa, akaona kinafikika. Na Teague aliiona ngumi, maana alisogeza kiti nyuma na maneno yakaanza kumtoka haraka.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu, sijamaliza. Leo Hovland yuko hapa."

Akaeleza. Polanco yuko kitandani na vyuma mguuni. Vijana wana hasira na wanangoja. Atakayemchoma Hovland atafungiwa na chama, na yeye hana mrushaji kijana wa kumtupa huko. Lakini Delmar akiifanya kazi hiyo, basi yeye Teague atakwenda kwa wakubwa na kupiga magoti. Delmar atatumikia adhabu yake, atakaa kwenye benchi na wenzake, na siku ya mwisho ya msimu atapewa mpira aanze yeye, nyumbani.

"Unaapa?" Delmar akauliza.

"Naapa kwa kaburi la mama yangu. Mbavu tu. Mvunje hata mbili. Hapa ndani ni wewe tu unayejua bado kuuweka mpira pale unapotaka."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomnasa. Mwezi mzima alikuwa anaambiwa amekwisha, na kuambiwa bado anajua kulimwingia kama pombe. Akaikubali ile kazi. Walipeana mikono, na mkono wa Teague ulikuwa na chumvi ya mbegu.

Wenzake walipomwona amerudi kwenye kabati lake anavaa jezi, walitazamana. Hakuna aliyemwuliza kitu isipokuwa Efraín Salcedo. Efraín alikuwa mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira wa mrushaji, mtu wa Sonora, mfupi na mpana kama mlango wa ghala. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vimepinda kila kimoja njia yake, na vingi ni Delmar aliyevipinda kwa miaka waliyocheza pamoja. Delmar akamsimulia yote kwa sauti ya chini. Efraín alimsikiliza akiwa anafunga ngao zake za miguuni.

"Kwa kaburi la mama yake?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mzee wangu, mama yake yuko Florida. Juzi nilimsikia anagombana naye kwenye simu juu ya mbwa."

Delmar akacheka puani. "Basi ameapia kaburi la kesho."

"Usiifanye kazi hii."

"Nisipoifanya natoka leo. Nikiifanya, labda natoka Septemba." Akaikaza kamba ya kiatu mpaka ikalia. "Wewe hakikisha tu Hovland hanifikii."

"Nitafika kabla yake."

"Una magoti ya bibi yangu."

"Kwa hayo hayo," Efraín akasema.

Jua la siku ile lilikuwa kali, na watu walikuja wamelewa tangu kanisani. Kila Hovland alipotokeza kichwa walimrushia vikombe, barafu, mtu mmoja alimrushia hata kiatu. Hovland aliokota kile kiatu, akakinusa, akakirudisha kwa mwenyewe na kumpungia mkono. Ni mtu aliyeyapenda matusi kama wengine wanavyopenda kupigiwa makofi.

Zamu yake ya kwanza ya kupiga, Lockridge tayari walikuwa na watu wawili vituoni. Anayechomwa hupewa kituo cha bure, na kumchoma wakati huo ni kuwajazia vituo vyote, kwa hiyo Teague alitikisa kichwa kutoka bandani, pale benchi lao lilipokuwa, bado. Delmar ikabidi amrushie mpira wa kweli. Akaweka kila alichobakiwa nacho begani, na Hovland akaupiga ukavuka ukuta, ukavuka na tangazo la duka la matairi, ukaangukia kwenye maegesho. Alivizunguka vituo pole pole kama anayekwenda dukani. Alipopita karibu na kichuguu akasema, bila hata kupaza sauti:

"Asante, Babu. Rudi nyumbani ukapumzike. Hata mke wako ana mkono mzuri kuliko huo."

Delmar alikifinyafinya kimfuko cha unga wa ulimbo, ule wa kuzuia mpira usiteleze vidoleni, mpaka kikapasuka.

Zamu ya pili ya Hovland ilipofika, vituo vilikuwa vitupu, na wenzake wawili walikuwa wameshatolewa. Delmar akatazama bandani. Teague alikuwa ameegemea ukingo, kikombe mkononi. Akajikuna mbavu za kushoto, taratibu, kama mtu aliyeumwa na mdudu. Efraín akachutama na kuweka glavu yake ndani, karibu na mwili wa Hovland. Hakuitikisa.

Delmar akavuta pumzi. Bega likamwambia hapana, naye akalilazimisha. Mkono ukaenda nyuma, ukaja, na mpira ukatoka kama ulivyokuwa ukitoka zamani, umenyooka, bila huruma. Hovland aliuona akiwa amechelewa kugeuka, akainua kiwiko. Ukampita chini ya kiwiko ukazama mbavuni. Mlio ulikuwa kama wa mtu kukanyaga kreti ya mayai.

Uwanja mzima ukavuta pumzi pamoja. Hovland alipiga goti moja, mdomo wazi, hewa haiingii. Kwa muda ule mdogo Delmar alifurahi, na furaha yake haikuwa ya kisasi cha Polanco. Aliuweka mpira pale alipotaka. Bado alijua.

Kisha Hovland akanyanyuka.

Alitupa gongo, akatupa kofia ngumu, akaja mbio ameshika ubavu kwa mkono mmoja. Efraín alimrukia kutoka nyuma akamshika jezi. Jezi ikachanika, na kiwiko cha Hovland kikarudi nyuma kikampasua Efraín juu ya jicho, barakoa ikaruka. Delmar alivua glavu akamngoja. Hakukimbia, mrushaji hakimbii. Ngumi ya kwanza ya Hovland ilimpiga mdomoni, akasikia jino linamtoka na kugonga jingine. Yeye akampiga kwa mkono wa kushoto palepale mpira ulipoingia, akasikia mfupa unacheza chini ya ngozi kama funguo mfukoni. Hovland alipiga ukelele kama wa mnyama, akamkumbatia, wakaanguka wote wawili juu ya kichuguu. Wakavingirika na kung'atana. Kidole cha Hovland kilimwingia jichoni, naye akakitafuta kwa meno akakipata.

Halafu akasikia miguu.

Ukiwa chini umelala, ardhi inakuambia kabla ya macho. Miguu mingi ilikuwa inakuja kutoka upande wa kushoto, upande wa Lockridge, inatwanga ardhi kama ng'ombe waliovunja zizi. Akangoja miguu ya kulia. Huko ndiko lilikokuwa benchi lake, watu aliokula nao, aliowakinga yeye mwenyewe mara zisizohesabika, aliotoka mbio kwa ajili yao hata na bega lililofungwa. Akangoja. Upande wa kulia ardhi ilikuwa kimya.

Teke la kwanza lilimpata sikioni. La pili kwenye figo. Aligeuza kichwa, shavu kwenye mchanga, na katikati ya msitu wa njumu akaweza kuona ng'ambo. Wahunzi walikuwa wametoka bandani, naam, na waliokuwa wakilinda vituoni walikuwa wanasogea. Walikuwa wanatembea. Walikuja kama watu wanaokwenda kutazama gari lililopata pancha. Mmoja alikuwa anarekebisha kofia. Mwingine alisimama kabisa, akafunga kamba ya kiatu. Na nyuma yao, kwenye ukingo, Teague alikuwa anatema maganda.

Delmar akaelewa kila kitu kwa pamoja, kama taa imewashwa. Walikuwa wanajua. Huyu si wetu tena, basi nani avunje mkono wake kwa ajili yake.

Mtu akasimama juu ya mkono wake wa kulia kwa makusudi, njumu zikaingia kati ya vidole, akazungusha kisigino. Hapo ndipo kitu kizito kilipomwangukia mgongoni na kubaki pale. Ni Efraín. Alijilaza juu yake mzima mzima na ngao zake zote, na mateke yakaanza kugonga ngao kama mvua kwenye bati. Efraín alikuwa anatukana kwa Kihispania, baba na mama na babu wa kila aliyepiga, na damu ya jicho lake ikawa inamdondokea Delmar shingoni, ya moto. Wakakaa hivyo hadi askari wa uwanjani na waamuzi walipowachomoa watu mmoja mmoja.

Mwamuzi aliwafukuza wote watatu, Hovland, Delmar na Efraín. Hovland alibebwa. Delmar alitembea. Jukwaa lilikuwa limesimama, wanapiga makofi na kuimba Nyundo, Nyundo, maana wao waliona kisasi kimelipwa na hawakutazama miguu ya mtu. Hakuinua mkono kuwaitikia. Ule wa kulia usingeinuka.

Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, mzee Wendell alikuwa mbele ya kabati la Delmar. Boksi lilikuwa miguuni pake. Ndani yake kulikuwa na glavu ya akiba, dawa ya kuchua bega, picha ya Verna, na kikombe alichonywea kahawa miaka yote. Juu ya kabati, pale lilipokuwa jina la Stroud, palikuwa na utepe mweupe mpya umeandikwa RENNER. Wino ulikuwa umeshakauka tangu asubuhi, si wa saa ile.

"Niliambiwa asubuhi, Delmar," Wendell akasema. "Kabla sijakuita."

"Na wenzangu?"

Wendell alilaza utepe kwa dole gumba ingawa ulikuwa umelala tayari. Akasema yule kijana amefika tangu jana, yuko hotelini, na vijana karibu wote walikunywa naye chai asubuhi. Kocha alikuwa amewaambia kwamba mzee ataondoka leo, na kwamba kabla ya kuondoka ana kazi moja ya kufanya, na asiumie mtu mwingine kwa ajili yake maana wachezaji wenyewe ni wachache.

Delmar alikaa kwenye kiti. Alitema jino kiganjani, akalitazama, akalitia katika boksi pamoja na vitu vingine. Efraín alijaza barafu katika taulo mbili, moja ya jicho lake, moja ya mkono wa rafiki yake, akamwambia waende hospitali, Verna yuko nje. Delmar alikataa. Akasema anangoja mechi iishe. Walikaa hivyo, wanasikiliza kelele za juu zinavyopanda na kushuka, na damu inatonatona kwenye vigae. Vidole vyake viwili vilikuwa vimevimba kama soseji. Vile vingine vitatu alivikunja na kuvikunjua, akavikunja na kuvikunjua.

Wahunzi walishinda. Waliingia wanacheka na kurushiana maji, na kicheko kikafa mmoja mmoja kadiri walivyopita mlangoni. Delmar alikuwa amesimama katikati ya chumba bila shati, uso umefura, na kando yake kapu la mipira ya mazoezi. Teague aliingia wa mwisho. Hakusimama. Alipita moja kwa moja hadi ofisini kwake, mlango wake unaoelekeana na chumba, akageuka nyuma ya meza.

"Njoo tuongee, Delmar. Funga mlango."

"Leo unabaki wazi."

Akaokota mpira. Umbali ulikuwa mdogo, hata hauzidi robo ya ule wa kutoka kichuguuni. Mpira wa kwanza ulipita karibu na sikio la kushoto la Teague ukaingia katika picha kubwa ya timu iliyotundikwa nyuma yake, na vioo vikamwagika mabegani mwake. Wa pili ulipita sikio la kulia ukaipasua taa ya ukutani. Kila akirusha, bega lilimfanya aone nyota, na vidole vilivyovunjika vilikuwa vinabaki nyuma ya mpira kama si vyake.

"Usitikisike, Wiley. Ukitikisika siwezi kukuhakikishia kitu."

Teague alikuwa ameganda, ganda la mbegu limemnata kwenye mdomo. Akasema kwamba haya ni mambo ya kazi, wakubwa ndio walioamua, kwamba yeye mwenyewe alilia jana usiku.

"Waambie uliniapia nini."

"Delmar..."

"Waambie. Kaburi la nani?"

Teague alikitazama kikombe chake mezani. "La mama yangu," akasema.

"Yuko wapi mama yako?"

Nyuma, kwenye makabati, mtu alicheka kwa woga, kisha akajikohoza.

Delmar akachukua mpira wa tatu. Aliushika kwa vidole vile vitatu vilivyomtii, akapinda mgongo, akainua goti kama aliyesimama mbele ya watu elfu kumi. Mpira ulipokuwa unamtoka, ndani ya bega kitu kikachanika, mlio wa shuka bichi likipasuliwa, na kila aliyekuwa mle ndani aliusikia. Lakini mpira ulikuwa umeshakwenda. Ulimpata Teague mbavu za kushoto, pale pale alipojikuna. Akajikunja juu ya meza bila sauti, kikombe kikapinduka, maganda yakamwagika yote.

"Hiyo ndiyo kazi uliyoniomba," Delmar akasema. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia kama kitambaa.

Na hapo akasikia miguu.

Safari hii ilikuja kutoka kila upande, inatwanga vigae, hakuna aliyetembea. Wote. Wa kwanza kumfikia alikuwa kijana wa kituo cha kwanza, ambaye miaka miwili alikula Krismasi nyumbani kwa Verna. Alimpiga kwa bega akampeleka kwenye kabati, mlango wa kabati ukang'oka. Wakamwangukia. Walipiga kwa ngumi, kwa viatu, mmoja kwa chupa ya maji, na waliokuwa nyuma walirukia waliokuwa mbele ili wapate nafasi. Walipiga kwa bidii ambayo uwanjani hawakuwa nayo, labda kwa sababu alikuwa amewaona wanatembea. Delmar hakujikinga, mkono wa kujikingia haukuwepo. Alisikia ubavu wake mwenyewe unaachia.

Efraín alichukua gongo. Alianza na sinki, akalipiga likapasuka, maji yakaruka mpaka darini. Akafuata kioo. Kisha akaliinua gongo kwa mikono miwili juu ya watu na kuwauliza, taratibu, nani anataka kuwa wa tatu. Jicho moja lilikuwa limefungwa kabisa, lile lingine halikuwa la mtu wa kubishana naye. Wakaachia mmoja mmoja. Wakasimama wanahema, wanatazama mikono yao.

Teague, kutoka sakafuni, alisema kwa sauti ya upepo kwamba asiitwe polisi. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuita.

Nje, kwenye lango la wachezaji, watu walikuwa wamebaki wachache. Yule mama wa upande wa kivuli alikuwa pale na mpira na kalamu, kama alivyokuwa kila Jumapili. Alipomwona alitaka kurudi nyuma, kisha akajikaza akampa. Delmar alisaini kwa mkono wa kushoto, herufi zikaenda huku na huku kama za mtoto. Mama aliyatazama yale maandishi, akasema wamempiga vibaya watu wa Lockridge, Mungu atawaona, akauliza kama Septemba atarusha. Delmar akamwambia hapana. Akamwambia aende nyumbani kabla jua halijamchoma.

Verna alikuwa amesimama kando ya pikapu. Hakupiga kelele. Alimshika kidevu akakigeuza upande huu na upande ule, akaugusa ule mkono, akauacha.

"Nilikuwa nimekaa pale juu," akasema. "Niliwaona wanatembea."

"Ulitazama mapema mno." Alijaribu kuupandisha mguu kwenye pikapu, ikabidi Verna amsukume kutoka nyuma. Alipokaa, alipumua kwanza. "Baadaye walikimbia, Verna. Wote."

Efraín alikuja nyuma na lile boksi. Alikuwa bado na ngao zake miguuni. Alipanda nyuma ya pikapu kwa shida, goti kwanza, kisha goti jingine, akaketi na boksi mapajani na kugonga bati kwa kiganja kumwambia Verna aondoke.